Tahadhari: "dabo dai" za shilingi 40 zinazouzwa hapa Nairobi

Wadau wa sarafu, na hasa nyinyi mlioanza kukusanya juzi juzi, kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na Facebook akiuza sarafu za Kenya zenye "herufi pacha", anazoziita "dabo dai" (kwa Kiingereza "doubled die"). Mali yake kubwa ni ile arobaini yenye sura ya Kibaki, iliyotolewa 2003 kuadhimisha miaka 40 ya uhuru. Ana pia mbao (shilingi ishirini) za Moi za 1998. Anadai zilitoka mtamboni na kasoro adimu, na kwamba kuna tajiri Dubai anayezinunua kwa laki. Wewe anakuomba 15,000 tu, nusu utume kwa M-Pesa, nusu mkikutana pale stejini Kencom, katikati ya jiji.

Na anakuja kweli. Hapo ndipo ujanja wake ulipo. Sarafu anayokukabidhi si bandia, kwa hiyo ukifika nyumbani huoni pa kulalamikia. Uongo uko kwenye maelezo. Nimeletewa kadhaa nizikague kwa lenzi ya sonara, na hakuna hata moja iliyozidi thamani iliyoandikwa juu yake. Makanga ataipokea kama arobaini, basi.

Sarafu hupigwa kati ya mihuri miwili ya chuma. Mihuri hiyo nayo hutengenezwa kwa kugandamizwa na muhuri mama, na zamani iligandamizwa zaidi ya mara moja. Muhuri mama ukikaa upande kidogo mara ya pili, ule unaotoka unakuwa na maandishi mawili, na kila sarafu itakayopigwa nao itabeba pacha ileile, mahali palepale. Hiyo ndiyo dabo dai halisi. Senti moja ya Marekani ya 1955 ndiyo maarufu zaidi: mwaka na maandishi yake yamejirudia waziwazi, huhitaji lenzi.

Za huyu jamaa ni mambo mengine kabisa. Muhuri ukilegea kwenye mashine, hutetereka wakati wa kugonga na kuisukuma herufi ambayo tayari imeshachapwa. Tazama herufi K ya KENYA kwenye arobaini moja niliyoshika: mguu wake una kingazi kando, bapa, cha chini, kinachong'aa, na mguu wenyewe umekonda kwa sababu kingazi kimekatwa humo humo. Kwenye dabo dai halisi herufi huwa nene zaidi, pacha yake ina umbo la mviringo kama herufi yenyewe, na kwenye pembe utaona mpasuko mdogo panapoachana mbili hizo. Nyingine alizouza ni za muhuri uliochoka tu: herufi zimevimba kama mandazi, kingo hazieleweki, na uwanja wa sarafu, yaani sehemu tupu isiyo na maandishi wala picha, umeparuza. Kasoro za namna hii ni za kawaida mno, na mkusanyaji anayejua kazi hakuongezei hata kobole.

Sasa picha zake. Zote ni mtindo mmoja: herufi mbili tatu tu, tochi ya simu imelazwa chini kabisa upande mmoja, zumu imevutwa mpaka picha inapasuka. Mwanga wa kulala hivyo hukipiga kile kingazi kikang'aa kama herufi ya pili. Na kuna moja anayoirusha sana ambayo inasoma BERT. Niambieni, ni shilingi gani ya Kenya yenye herufi hizo? Hiyo ni LIBERTY, sarafu ya Marekani, kaichota mtandaoni.

Kwa hiyo mwombe akupigie picha mpya, kwa masharti yako. Sarafu nzima, pande zote mbili, imelala kwenye karatasi nyeupe iliyoandikwa tarehe ya leo. Simu iegemezwe juu ya vitabu isitikisike, maana mkono ukitetemeka kidogo tu kila herufi inazaa pacha. Flashi izimwe; taa ipitishwe kwenye tishu ili ilainike. Kisha herufi ileile ipigwe tena, taa ikiwa upande wa pili. Kingazi kitageuka kutoka kung'aa hadi kuwa cheusi, au kitapotea kabisa. Pacha halisi hubaki na umbo lake taa ikae popote. Nilipomwomba picha hizo aliniambia "wateja ni wengi, kama huna pesa sema", kisha akaniblok.

Kuna pia "shahidi" wake kwenye magrupu, anayeapa aliuza yake London na kujenga. Akaunti yake haina picha wala rafiki unayemjua. Mpuuzeni.

Kama ulishatuma ile nusu na hamjakutana, usiongeze hata shilingi. Omba Safaricom wairudishe pesa mara moja, kabla jamaa hajaitoa. Hifadhi mazungumzo yote, pamoja na zile picha za BERT, uende kituo cha polisi kilicho karibu upewe nambari ya OB, yaani ya kitabu cha polisi cha kuandikia matukio. Na kama unayo sarafu unayoshuku ni dabo dai, weka picha mbili hapa chini, taa kulia na taa kushoto. Nitaiangalia bure, na mimi sinunui.