Zana za Udalali wa Mtandaoni: Zipi Zinafaa Ukiwa Uganda?

Habari zenu, karibuni tena. Ssebo na nnyabo mlioko Kampala, Jinja, Arua, na nyinyi majirani wa Busia pande zote mbili za mpaka, leo tunachambua zana za afilieti, huu udalali wa mtandaoni. Unatangaza bidhaa ya mtu, mteja anapitia linki yako, akinunua unakatiwa kamisheni. Niseme mapema: hakuna kampuni iliyonilipa kwa video hii, na linki nilizoweka hapo chini hazina kamisheni yangu.

Mwenye haraka achukue hili aende zake: usilipie zana yoyote kabla hujaweza kujibu swali moja, mteja wako wa mwisho alitokea wapi? Nakutana na vijana wamelipia programu za kila aina kwa dola, ukimuuliza mauzo yametoka TikTok au WhatsApp, anakuna kichwa.

Tuanze na kuki, maana humo ndimo pesa inamovuja. Mtu akibonyeza linki yako, kivinjari chake kinawekewa kuki, alama inayoliambia duka kwamba mteja huyu kaletwa na fulani. Kwa Amazon alama hiyo inaishi saa 24 tu. Programu nyingine nyingi za afilieti hutoa siku 30. Sasa sikilizeni vizuri. TikTok na Instagram zina kivinjari chao humo humo ndani. Mtu akibonyeza linki yako akiwa TikTok, kuki inabaki huko. Akijisemea ngoja kwanza nifike nyumbani, kisha jioni akafungua Chrome na kuandika jina la duka yeye mwenyewe, Chrome haina habari na wewe. Kanunua, na huna chako. Ni yale yale ya dalali aliyempeleka mpangaji kuona nyumba Ntinda, halafu mpangaji akarudi usiku peke yake kwa mwenye nyumba.

Dawa yake? TikTok itumie kuvuta watu, biashara uifungie WhatsApp. WhatsApp kwa kawaida inaifungulia linki kwenye kivinjari cha simu chenyewe, kwa hiyo alama yako inakaa pale pale mteja anaponunulia.

Na hapo ndipo WhatsApp Business inapopata alama za juu kwangu. Ni ya bure. Ina katalogi, ina majibu ya haraka ya kuandaa mapema, ina lebo za kupanga wateja: huyu kauliza bei, huyu kanunua, huyu msumbufu tu. Orodha yake ya matangazo inabeba watu 256, lakini ujumbe unamfikia yule tu aliyeihifadhi namba yako. Wengi hawalijui hili, wanatuma halafu wanalalamika kwamba watu hawajibu. Mwambie mteja ahifadhi namba kwanza, ndipo umtumie. Na usichukue namba za watu kwenye magrupu ya harusi ukawamwagia matangazo. Sheria ya ulinzi wa data ya Uganda ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mwenyewe. Hata bila sheria, ni kero.

Zana ya pili ni UTM. Msiogope jina. Ni maneno unayoyaongeza mwishoni mwa linki ili Google Analytics, zana ya Google ya kuhesabu wageni wa tovuti, ijue mgeni katoka wapi. Tazama hapa kwenye skrini: utm_source ni whatsapp, utm_medium ni status, utm_campaign ni shule_februari. Google wenyewe wana ukurasa wa bure wa kukutengenezea. Bila maneno hayo, watu wanaotoka WhatsApp mara nyingi huhesabiwa kama wameingia moja kwa moja, na unabaki unadhani watu wanaota anwani yako usingizini. Andika kwa herufi ndogo siku zote. Analytics inaona WhatsApp yenye herufi kubwa na whatsapp ya herufi ndogo kama vitu viwili tofauti.

Ila UTM ina mpaka wake, na hapa wanaoanza wengi hupotea. Inakuonyesha kinachotokea kwenye ukurasa wako tu. Ukiibandika kwenye linki ya duka, takwimu anaziona mwenye duka, wewe huoni kitu. Kujua ni tangazo lipi limeleta mauzo unahitaji alama ya programu yenyewe: mitandao mingi huiita SubID, Amazon wanaiita Tracking ID na unaweza kuunda kadhaa kwenye akaunti moja. Kwa hiyo UTM kutoka WhatsApp hadi kwako, SubID kutoka kwako hadi dukani. Ukiunganisha hizo mbili, swali langu la mwanzo umelijibu, na hujatoa hata shilingi.

Kama una tovuti ya WordPress, ongeza Pretty Links, programu-jalizi ya kufupisha linki. Toleo la bure linatosha. Linki ndefu ya kutisha inageuka kuwa jina la tovuti yako, mkwaju (/), kisha neno fupi kama godoro. Inahesabu mibonyezo, na duka likibadilisha linki unarekebisha sehemu moja badala ya kufukua makala zote. Kwenye mpangilio kuna namba za aina ya kumwelekeza mgeni: chagua 307 au 302, achana na 301, kwa sababu 301 ni ya kudumu na vivinjari huikumbuka. Ukibadilisha duka baadaye, mgeni wa zamani anaweza kuendelea kupelekwa kule kwa kwanza. Linki za Amazon usizifiche humo, hawataki mteja afichwe anakokwenda. Tumia linki yao fupi ya amzn.to.

Sasa jambo la kwetu hasa. Facebook ilifungwa Uganda Januari 2021 wakati wa uchaguzi, na tangu hapo watu wamezoea VPN, programu inayofanya uonekane uko nchi nyingine. Mtu yuko Wandegeya anakula rolex yake ya chapati na mayai, Analytics inamwonyesha yuko Uholanzi. Ukisoma ripoti ya nchi ukaiamini, utaanza kutafuta bidhaa za Waholanzi! Tena ukitumia OneLink ya Amazon, ile inayompeleka mgeni kwenye duka la nchi yake, mwingine anaweza kutua kwenye duka la Ujerumani kwa sababu tu VPN yake imekaa huko. Kwa hadhira ya Uganda, ripoti ya nchi mimi siifuati kabisa. Naangalia lugha, saa za kubonyeza, na maswali yanayoingia WhatsApp.

Google Trends nayo nzuri, bure, chagua Uganda. Ila usitegemee ikupe picha ya kila wilaya, data ni chache. Inafaa kwa misimu: muhula unapofunguliwa, Februari, Mei na Septemba, watu wanatafuta magodoro, masanduku ya bati, taa za sola. Tayarisha ukurasa wako wiki kadhaa kabla, na uwe mwepesi, maana bando linakatwa kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021 na hakuna atakayesubiri picha zako kubwa zifunguke.

Zana za kulipia za kupeleleza matangazo ya wengine? Kwa soko letu, pita. Nyingi zinalenga matangazo ya Marekani na Ulaya. Roboti za kubonyeza linki nazo ni njia ya mkato ya kufungiwa akaunti.

Mwisho ni malipo, na hili liangalie kabla hujajiunga popote. Amazon ina sharti: mauzo matatu yanayokubalika ndani ya siku 180, la sivyo akaunti inafungwa. Kujinunulia kwa linki yako hakuhesabiwi. Malipo huja kama siku 60 baada ya mwezi kuisha, yaani mauzo ya Januari unayaona mwishoni mwa Machi. Ukichagua hundi, mpaka ufikishe dola 100. Wengi hapa wanapokelea Payoneer, huduma ya kupokea pesa kutoka nje, kisha wanahamishia benki ya Uganda, na njia hiyo nimeipa alama nzuri. Soma tu makato yake kwanza. Ukipitisha kwenye pesa za simu, MoMo ya MTN au Airtel Money, kumbuka kutoa pesa kuna kodi ya asilimia 0.5 juu ya ada ya kawaida, kwa hiyo lipia bidhaa zako moja kwa moja kutoka kwenye simu pale inapowezekana.

Kwa yule aliyeuliza kwenye video iliyopita aanzie Jumia au Amazon: hadhira yako ikiwa Kampala na inataka kuletewa mzigo hapa hapa, anza na Jumia. Ukiwa unaandikia Waganda walioko London na Boston, nenda Amazon. Wengine mwenye swali la SubID aliandike hapo chini, ataje na programu anayotumia, maana kila programu imekificha kitufe chake mahali tofauti.