Chokaa au saruji kwa jumba la mawe Mji Mkongwe?

Wanaorithi majumba ya Mji Mkongwe Zanzibar wengi wanakimbilia saruji, na nawaelewa, mfuko unapatikana kila duka, fundi yeyote anaijua na plasta inakauka chapchap. Lakini jamani, ukuta wenyewe ni mawe ya matumbawe yaliyojengwa kwa chokaa na udongo, unavuta unyevu toka chini na lazima uutoe, sasa ukishaufunika na saruji ngumu maji yanakwama ndani, chumvi inasukuma, plasta inavimba, ukigonga kwa vidole unasikia tupu, halafu inabanduka na vipande vya jiwe. Na vichwa vya boriti za mikoko vilivyoingia ukutani vinaoza kimyakimya, hapo ndo dari linapoanza kulegea.

Chokaa inachelewa, kweli, inataka tabaka nyembamba nyembamba na kumwagiwa maji isipasuke, na mafundi wake wamebaki wachache. Ila ukuta unapumua, na ikichakaa unabandika upya bila kuumiza jiwe. Mji upo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000, mi nasema chokaa tu, hata kama utamaliza chumba kimoja kimoja.