Mashine za wembe zenye meno ya chanuo: ipi ununue kwanza, ipi usubiri

Kama ndevu zako unaziacha siku tatu nne ndipo unyoe, tafuta mashine ya meno ya chanuo. Mashine iliyozoeleka ya wembe wa pande mbili ina ukingo ulionyooka chini ya makali. Ukingo huo hutangulia kupita usoni, hukomba povu na kuzilaza ndevu zilizorefuka kabla wembe haujazifikia. Kwenye chanuo, ndevu hupenya kati ya meno pamoja na povu lake, zikafika kwenye makali zikiwa bado zimelowa. Haizibi haraka, na ukiitia majini mara moja inasafika. Anayenyoa kila asubuhi hataona tofauti kubwa, na sitamshauri abadilishe alichonacho.

Wapo wanaoyaogopa meno hayo wakidhani ndiyo yanayoleta ukali. Siyo. Ukali unatokana na mwanya kati ya wembe na sahani ya chini, yaani kipande chenye meno ambacho wembe hukaa juu yake, na kiasi ambacho makali yamechomoza nje ya kofia, kile kipande kinachoufunika wembe kwa juu. Merkur 15C na Mühle R41 zote zinatoka Ujerumani na zote zina meno, lakini ya kwanza ni pole kiasi kwamba mtu ananyolea kwa mara ya kwanza bila kujikata, na ya pili haimsamehi mwenye mkono mzito. Kwa hiyo orodha yangu naipanga kwa mwanya na kwa aina ya chuma. Umbo la meno halinishughulishi.

Ya kwanza: Merkur 15C. Wengi wataridhika na hii na wasihitaji nyingine. Haikwaruzi, inavumilia mkono usiokaa pembe sawasawa, na kwa wenye ndevu za kujikunja zinazoota vipele shingoni, upole huo una thamani kuliko kunyoa hadi ngozi ing'ae. Udhaifu wake ni mpini mfupi, mwembamba. Mwenye kiganja kikubwa achukue 25C, ambayo ina kichwa kilekile kwenye mpini mrefu. Ukiona inakuachia ndevu chache chini ya taya, usiikandamize. Badilisha wembe kwanza: Feather ya Japani ni kali sana na ndani ya mashine pole kama hii inatulia vizuri.

Kichwa chake ni aloi ya zinki iliyopakwa kromu, na hapo ndipo watu wanapoiharibu. Ile skrubu inayotoka kwenye kofia hukatika ukiikaza kwa nguvu zote. Kaza kwa vidole viwili, mpini ukigoma acha hapo. Ukimaliza kunyoa ifungue, isuuze, iache ikauke vipande vitatu mbalimbali. Kromu ikishabanduka, zinki iliyo chini huliwa na maji na hakuna dawa.

Ya pili: RazoRock Game Changer, sahani ya meno ya 0.68. Namba hiyo ni mwanya kwa milimita. Hii ni chuma kisichoshika kutu, imechongwa, haina mpako wa kubanduka. Ningeiweka ya kwanza kama isingekuwa ghali kuliko Merkur, kwa sababu ukiitunza utamrithisha mwanao. Kinachonivutia zaidi ni kwamba sahani hubadilishwa: ukizoea na ukitaka ukali zaidi, unanunua sahani ya 0.84 peke yake, kofia na mpini vinabaki vilevile. Anayejua kwamba ataendelea na kunyoa kwa brashi na sabuni aanzie hapa moja kwa moja.

Ya tatu: Parker 24C, kutoka India. Ukali wake ni wa kati, mpini ni mzito na una mikwaruzo inayoshika vizuri mkono wenye sabuni. Inafaa aliyekwisha kunyoa miezi kadhaa.

Ya nne: Fatip Piccolo, ya Italia, shaba ya njano iliyopakwa. Ni imara mno, na ni kali kuliko inavyoonekana. Nisingempa anayeanza, kwa sababu wembe unaweza kukaa upande ndani yake. Kabla hujanyoa, ishike uso kwa uso na taa utazame makali ya kila upande: kile kiuzi cha chuma kinachoonekana chini ya kofia kiwe na upana uleule kulia na kushoto, mwanzo hadi mwisho. Kama upande mmoja umechomoza, legeza, sogeza wembe kwa kidole ukiushika pembeni pasipo na makali, kisha kaza tena. Nimeufanya ukaguzi huu hadi umekuwa mazoea, na siku hizi naufanya kwa kila mashine, hata zile zisizouhitaji.

Ya mwisho kwa wengi: Mühle R41. Naipenda sana, ndiyo maana naonya. Nilipoacha ndevu siku kumi nikaishika, mpito mmoja kutoka sikioni hadi kwenye taya uliacha ngozi tupu, na nikasikia ndevu zikikatika moja moja kama majani makavu. Siku mbili baadaye nikaitumia tena kwenye vinyweleo vifupi, nikaenda kinyume na ndevu zinavyolala, shingo ikatoka vitone vya damu nane. Mashine haikuwa na kosa. Ina kazi yake, na kazi hiyo ni ndevu ndefu, nene, kwa mkono unaoiacha iteleze kwa uzito wake yenyewe.

Zimebaki zile kuukuu za Gillette. King C. Gillette alipoanza kuuza mwaka 1903 mashine zake zilikuwa za meno, na zilitengenezwa nyingi mno, kwa hiyo zilizotumika bado zinapatikana. Nilinunua moja kwa muuzaji aliyenionyesha picha ya upande mmoja tu. Ilipofika, jino la pembeni lilikuwa limepinda, bila shaka iliwahi kuangushwa, na upande ule haukunyoa vizuri hata siku moja. Omba picha ya sahani ya chini ikiwa peke yake, imepigwa kutoka juu, meno yote yaonekane, na nyingine ya mpini mahali unapoungana na kichwa, maana mipini ya zamani yenye uwazi ndani hupasuka hapo. Muuzaji akikataa kupiga picha hizo mbili, nunua 15C.