Yr Ysgwrn, Wales: Nyumba ya Mshairi Mkulima na Kiti Ambacho Hakukikalia

Yr Ysgwrn ni nyumba ya shamba iliyojengwa kwa mawe nje kidogo ya kijiji cha Trawsfynydd, kaskazini mwa Wales, nami naiweka juu ya makumbusho yote ya Vita Kuu ya Kwanza niliyowahi kuyatembelea. Mengi ya makumbusho hayo yanaanza na sare, bunduki na ramani za mahandaki, kisha yanakuachia wewe kazi ya kukisia askari alikuwa nani kabla ya kuitwa. Hapa mambo yamepangwa kinyume chake: unamfahamu kwanza mtoto wa mkulima, kazi zake, ndugu zake na mashairi yake, na vita inapoingia tayari unajua inakuja kumchukua nani.

Mwenyewe ni Ellis Humphrey Evans, ambaye Wales nzima inamjua kwa jina lake la ushairi, Hedd Wyn, alilopewa mwaka 1910. Alizaliwa Januari 1887, akiwa mtoto wa kwanza katika familia ya watoto 11, na alikuwa angali mchanga wazazi wake, Evan na Mary, walipohamia katika shamba hili. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 14 ili amsaidie baba yake kuchunga kondoo milimani, na elimu yake iliyobaki aliitafuta vitabuni na katika mashindano ya ushairi ya vijijini. Msomaji wa Kiswahili ataielewa fani hiyo haraka, kwa sababu washairi wa Kiwelshi, kama washairi wetu wa jadi, wanabanwa na kanuni kali za vina na mizani, tena wao wanaongeza sharti la kulinganisha konsonanti ndani ya mshororo mmoja. Mchunga kondoo asiye na shule ya juu aliimudu arudhi hiyo hadi akashinda kiti chake cha kwanza huko Bala mwaka 1907. Kwao mshindi wa utungo mkuu hutuzwa kiti cha mbao kilichotengenezwa kwa ajili ya shindano hilo peke yake.

Jikoni ndipo ninapomshauri mgeni atumie muda mwingi. Chumba ni cha chini, chenye meko kubwa na samani za familia, na ukubwa wake unakufanya ujiulize watu wote wale walikaaje humo jioni za baridi. Inasimuliwa kwamba katika meza ya jikoni hapa Ellis aliacha nakala ya shairi lake kubwa mwaka 1917, siku alipoondolewa nyumbani kwa haraka, akalazimika kuliandika upya kutoka kichwani akiwa safarini. Mtu akikusimulia jambo hilo ukiwa umesimama ndani ya chumba chenyewe, linakukaa moyoni kuliko maandishi yoyote ya ukutani.

Hakuwa mtu wa vita. Wakulima walihesabiwa kuwa watu muhimu kwa chakula cha taifa, lakini sheria ya kuandikisha watu jeshini kwa lazima ilipopitishwa mwaka 1916, familia iliambiwa kwamba kijana mmoja lazima aende. Ellis akaenda ili mdogo wake Bob asichukuliwe. Alipata mafunzo Litherland, karibu na Liverpool, na majira ya kuchipua ya mwaka 1917 jeshi likawaruhusu askari waliojua kulima warudi mashambani kwa muda. Aliporudi Yr Ysgwrn kwa majuma saba alifanya kazi mbili, ya shamba na ya shairi. Alipitisha muda wa ruhusa, polisi wa jeshi wakaja kumchukua, na kutoka hapo akapelekwa Ufaransa kujiunga na kikosi cha 15 cha Royal Welch Fusiliers. Alilituma shairi kwa posta kwa jina la kujificha, Fleur-de-lis, kabla kikosi hakijaelekea mstari wa mbele.

Aliuawa tarehe 31 Julai 1917, siku ya kwanza ya mapigano ya Passchendaele, kwenye mwinuko wa Pilckem nchini Ubelgiji, akiwa na umri wa miaka 30. Tarehe 6 Septemba, katika Eisteddfod ya Taifa, tamasha kuu la ushairi na muziki la Wales, iliyofanyika Birkenhead karibu na Liverpool, mbele ya Waziri Mkuu wa Uingereza David Lloyd George, jina la Fleur-de-lis liliitwa mara tatu na hakuna aliyesimama. Ilipotangazwa kwamba mshindi ameuawa vitani, kiti kilifunikwa kitambaa cheusi, kikapelekwa hivyo hivyo kwa wazazi wake.

Kiti hicho kimo humu ndani, na fundi yeyote wa mbao atakiinamia kwa muda mrefu. Ni kirefu, kizito, kimejaa nakshi za Kiselti zilizosukana bila kukatika, zenye subira ile ile ya mafundi wa milango ya Lamu. Aliyekichonga ni Eugeen Vanfleteren, Mbelgiji aliyekimbilia Uingereza kwa sababu ya vita. Mkimbizi kutoka Ubelgiji alichonga kiti cha mtu aliyekwenda kufia Ubelgiji, na wala hawakupata kuonana. Viti vingine alivyoshinda Ellis navyo vimehifadhiwa, na ni vizuri uvitazame kabla ya hiki, kwa kuwa vinaonyesha kwamba ushindi wa Birkenhead haukuwa wa kubahatisha.

Kinachoipa ziara hii uzito ni jinsi nyumba ilivyotunzwa. Mpwa wa Ellis, Gerald Williams, aliishi hapa karibu maisha yake yote, akawafungulia wageni mlango bila kuchoka, kwa ahadi aliyompa bibi yake, Mary, mama yake Ellis. Mamlaka ya hifadhi ya taifa ya Snowdonia, inayoitwa Eryri kwa Kiwelshi, ilinunua shamba mwaka 2012, na baada ya ukarabati likafunguliwa tena mwaka 2017. Naona walifanya vyema kupeleka maonyesho na mkahawa kwenye mabanda ya zamani, wakaiacha nyumba ibaki nyumba. Nilipokuwa nikizunguka niliwakumbuka wapagazi wa Afrika Mashariki waliokufa kwa maelfu katika vita hiyo hiyo, ambao wengi wao hawana hata kaburi lenye jina, sembuse jiko lao kuhifadhiwa.

Kwa anayepanga kwenda: usafiri wa gari binafsi ni rahisi zaidi, maana kijiji kiko kando ya barabara ya A470 na treni inaishia Blaenau Ffestiniog. Angalia siku za kufunguliwa na uweke nafasi mapema, kwani nyumba inatembelewa kwa kuongozwa na vyumba vyake ni vidogo. Vaa viatu vya kuhimili tope. Kijijini simama kwenye sanamu ya Hedd Wyn iliyozinduliwa mwaka 1923, inayomwonyesha akiwa mchungaji, bila sare wala silaha. Na ukibahatika kufika Ubelgiji, kaburi lake liko kwenye makaburi ya Artillery Wood, Boezinge, ambako amezikwa pia Francis Ledwidge, mshairi wa Ireland aliyewahi kuwa kibarua wa mashambani, naye aliuawa siku hiyo hiyo.