Kaunta buku ya shilingi 3,000, baada ya miezi 11

Watu husifia simu, majiko ya gesi na viatu. Mimi leo nasifia kaunta buku. Ile ya kawaida ya kurasa 192, jalada gumu, mgongo wa kitambaa chekundu, inayouzwa kila steshenari. Yangu niliinunua Ngamiani, hapa Tanga, kwa shilingi 3,000. Binti wa dukani aliifuta vumbi kwa kiganja akaniuliza:

"Shikamoo mama. La madeni au la kikoba?"

"Marahaba. La kwangu tu."

Niliona haya kumweleza. Mimi ni fundi cherehani, na daftari la madeni ninalo tangu 2014, sasa niko kwenye la nne. Hili la tano nililinunua ili niandike yaliyokwenda sawa. Ungemwambiaje mtu maneno hayo huku nyuma yako kuna foleni ya watu wanaotaka fotokopi?

Chanzo ni binti wa dada yangu, anasoma saikolojia chuoni Dodoma. Alikuja kwangu likizo, akawa anashinda nami kwenye fremu akinisaidia kutoboa vifungo. Siku ya tatu akanigeuzia kibao. "Mamdogo, unajua leo umesema 'ila' mara kumi na nne?" Kumbe alikuwa anahesabu. Habari za kazi? Nzuri, ila umeme. Za nyumbani? Nzuri, ila huu mguu. Za wateja? Wapo, ila hawalipi. Nikamjibu kwamba hata hivyo kila baada ya sala nasema alhamdulillah. Akasema, "Sawa. Ya leo ilikuwa ya nini hasa?"

Nikatafuta. Uzima, nikasema. Watoto. Akatulia ananitazama, sindano mkononi. Nilijua majibu hayo ningeweza kuyatoa hata jana, hata mwaka juzi. Alhamdulillah nimefundishwa madrasa nikiwa na miaka mitano, inatoka yenyewe kama pumzi, nayo ina thawabu zake. Lakini ya siku ile sikuwa nayo hata moja.

Ndipo akanieleza wanayosomeshwa. Mwaka 2003 watafiti wawili wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walitoa utafiti ambamo kundi moja la wanafunzi liliandika mambo ya kushukuru mara moja kwa wiki kwa wiki kumi, na kundi jingine likaandika kero zake. Walioandika ya kushukuru waliyaona maisha yao kuwa mazuri zaidi. Mwaka 2005 Martin Seligman na wenzake wakawapa watu kazi ya wiki moja: kila usiku mambo matatu yaliyokwenda vizuri, na kila jambo liandikiwe sababu yake. Miezi sita baadaye watu hao walikuwa bado na nafuu, zaidi wale walioendelea kuandika kwa hiari yao. Mimi Wamarekani hawakunishtua sana, maana kwetu tumeambiwa tukishukuru tutazidishiwa tangu zamani. Kilichonishika ni hiyo sababu. Sijawahi kujiuliza kwa nini jambo limekwenda vizuri. Likiharibika, hapo nauliza mpaka jirani anachoka.

Kabla ya kaunta buku nilijaribu vitu viwili. Cha kwanza programu ya simu, siitaji jina. Ilidumu siku tisa. Ilikuwa inalia saa mbili usiku, saa ambayo mimi nasonga ugali, inaniuliza kwa Kiingereza moyo wangu unasemaje. Nikiifungua, kwanza tangazo la mkopo. Bando likiisha nayo imekwisha. Cha pili ni shajara ya zawadi yenye maandishi ya dhahabu na utepe, karatasi nyororo kama hariri. Nilishindwa kuandika "leo nyanya zilikuwa rahisi" kwenye karatasi ya namna ile. Ipo kabatini, nimewekea vyeti.

Sasa bidhaa yenyewe. Kazi yangu ni kushona, kwa hiyo kitu cha kwanza huangalia mshono. Kaunta buku hii karatasi zake zimekunjwa kwa mafungu, na kila fungu limeshonwa kwa uzi katikati, halafu ndipo gundi na kitambaa cha mgongo. Ndiyo maana inafunguka ikalala bapa mezani bila kukandamizwa. Ubaya wa mshono huo nao nimeuona: kitinda mimba wangu alichana karatasi moja atengeneze mashua, na mwenzake wa upande wa pili wa fungu akalegea, sasa ananing'inia. Kwa hiyo usichane hata moja. Karatasi yenyewe ni ya kawaida, mistari ya buluu. Kalamu ya kawaida ya bolipeni haipenyi, ila zile za wino wa majimaji zinavuja hadi ukurasa wa nyuma. (Hiyo "ila" inaruhusiwa, ni ya kalamu.) Joto na unyevu wa Tanga vimefungua pembe za jalada, nami nimezibandika selotepu. Kuna doa la mafuta ya cherehani kuanzia ukurasa wa 40 hadi wa 46. Maandishi yanasomeka.

Lakini niseme nililoligundua, maana ndilo lililonifanya niandike haya yote. Daftari la madeni lina kanuni moja: anayelipa anakatwa. Mtu akileta pesa yake nachukua rula, napiga mstari juu ya jina, basi, amefutika. Asiyelipa anabaki anasomeka vizuri kabisa. Kwa hiyo kila nikifungua daftari lile asubuhi, macho yangu yanaruka mistari iliyokatwa yanakwenda kutua kwa wadaiwa. Miaka yote hiyo nimekuwa nikisoma orodha ya waliokwama, na waliotimiza nimewafuta kwa mkono wangu.

Kuna mteja wangu mmoja wa madera, mama wa makamo, anauza kachori jioni. Katika kichwa changu yule alikuwa "msumbufu". Usiku mmoja nikaandika: amelipa 12,000 zake za mwisho. Sababu? Nikakaa na kalamu. Nikaenda kwenye madaftari ya madeni nikaanza kusoma mistari iliyokatwa, ile nisiyoisomaga. Jina lake lilikuwamo mara kumi na saba. Yote yamekatwa. Anachelewa kila mara, na hajawahi kunidhulumu hata shilingi. Nikaandika kwenye daftari jipya: sababu, huyu hulipa. Tangu hapo akija na kitambaa sikunji uso, na yeye ameanza kuniletea kachori na chachandu kwenye kifuko. Hizo nazo nimeziandika.

Mengine ni madogo mno, nayatoa hapa kama yalivyo. "Sindano namba 16 imemaliza suruali mbili za jinzi bila kukatika. Sababu: sikuharakisha." "Umeme umekatika saa nane, umerudi saa tisa, nilikuwa nafanya upindo wa mkono. Sababu: jana nilibakiza kazi ya mkono makusudi." "Kijana wa baskeli amenipisha njiani, nimebeba sare za shule. Sababu: sijui, ana adabu." "Machungwa ya Muheza matamu leo, mchuuzi alinichagulia mwenyewe." Zikijirudia sababu unaanza kuona kitu. Kwangu imejirudia sana hiyo ya kubakiza kazi ya mkono. Sasa ni desturi, kila jioni naacha vifungo na pindo kwa ajili ya saa za giza, na umeme ukikatika sihamaki kama zamani.

Mume wangu alilifungua siku nisiyokuwepo. Akakuta: "Baba watoto amejaza ndoo zote bila kuambiwa. Sababu: aliamka kabla yangu." Wiki nzima ndoo zikawa zinajaa alfajiri kama za msikitini. Wiki ya pili akarudi kwenye hali yake. Nimeziandika zile siku saba, hii ya pili nimeiacha.

Mapungufu. Wiki ya tatu ni ngumu, unaanza kurudia watoto wazima, watoto wazima, kama fomu ya zahanati. Dawa yake niliyoipata ni kuandika kama deni linavyoandikwa: nani, kiasi gani, siku gani. "Jirani amenisaidia" silikubali tena. Jirani yupi, kanisaidia nini? Vilevile si kila usiku utaandika. Tulipofiwa na mama mkwe, siku kumi na moja ziko wazi, na siku ya kumi na mbili kuna neno moja tu: chai. Nakumbuka ni nani aliyeileta, kwenye chupa nyekundu, akakaa chini mkekani bila kusema neno. Sikuwa na nguvu ya kuandika sababu, na sitaijaza sasa.

Na mtu asikudanganye kwamba daftari linatatua mambo. Kodi ya fremu imepanda mwaka huu, haikushuka kwa sababu niliandika machungwa. Daftari la madeni bado lipo na bado natumia sauti kali nikipiga simu. Nayaweka mawili pamoja chini ya meza ya cherehani, la madeni chini, hili juu, kwa kuwa nimejijua: nikianza na lile la chini siku yote inakuwa ya lile la chini.

Naipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja nimeikata kwa ajili ya pembe za jalada. Ukienda kununua, fungua katikati uone uzi. Zipo za bei pungufu kidogo zilizobandikwa gundi peke yake, hizo mwezi wa pili zinaachia karatasi kama kuku anayenyonyoka. Chukua ya kurasa 192, ile nene ya kurasa 288 ni nzito kuandikia kitandani. Andika tarehe kwanza, hata kama hutaandika kingine.

Nimebakiza kurasa 58. Juzi nilipita steshenari kuulizia nyingine mapema, binti akaniambia za mgongo mwekundu zimekwisha, zimebaki za bluu, mzigo unakuja mwisho wa mwezi. Halafu akaniuliza lile la kwangu tu linaendeleaje. Nikamwambia ameandikwa humo, ukurasa wa kwanza, kwamba aliifuta vumbi kabla ya kunipa.