Meza ya kazi ya karakana ya nyumbani: ipi ya kununua, ipi ya kuachana nayo

Mtu akiamua kuanzisha karakana ya useremala nyumbani, orodha yake huanza na msumeno wa umeme, ikafuata drili, ikafuata randa. Meza ya kazi huja mwisho, kama hela imebaki. Nashikilia kwamba orodha hiyo imepinduliwa. Msumeno mzuri hauna faida ikiwa ubao unacheza chini yake, na patasi kali kwenye ubao unaoteleza ndiyo hutafuta kiganja cha mtu. Pata kwanza cha kushikilia mbao, vya kuzikata vitafuata. Meza nazipanga hapa kuanzia bora kabisa hadi ile nisiyomshauri mtu yeyote kuinunua.

Kabla ya yote, jifunze kuijaribu meza kabla hujailipia. Shika kona yake kwa mikono miwili uisukume kwa urefu, si kwa upana. Randa inasukuma kwa urefu, na hapo ndipo meza dhaifu huumbuka. Ikitikisika ikiwa tupu, siku utakayobana ubao wa mita mbili na kuegemeza mwili wako wote kwenye randa itatembea sakafuni. Kisha inama uchungulie chini. Miguu iliyoungwa na mbao za chini kwa tundu na ulimi, au kwa bolti nene unazoweza kuzikaza tena, itakaa miaka. Skrubu nyembamba zilizozamishwa kwenye chipubodi, ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, hulegea, na tundu lake likishalegea halishiki skrubu mara ya pili.

Malizia na uso wa meza. Chukua vipande viwili vya mbao vilivyonyooka vyenye upana uleule, kimoja kilaze kukatisha mwisho huu wa meza, kingine mwisho ule. Piga goti uangalie kwa jicho moja ukingo wa juu wa kile cha karibu dhidi ya kile cha mbali. Kingo zikienda sambamba, uso haujapindana. Kona moja ikiinuka, meza imepinda kama parafujo, na kila utakachokinyoosha juu yake kitapinda vivyo hivyo.

Nafasi ya kwanza: meza nzito ya mbao, isiyohamishwa

Hii ndiyo meza ya seremala hasa. Uso wake una unene wa milimita 75 hadi 100, miguu minene, na uzito wa kilo 100 kwenda juu. Muundo ninaoupenda kuliko yote ni ule wa Kifaransa unaoitwa Roubo, kwa jina la seremala wa Paris wa karne ya 18. Miguu yake inalingana sawasawa na ukingo wa uso wa meza, hivyo ubao mrefu unaosimamishwa kwa ubavu unaegemea uso na miguu kwa pamoja, na ukiongeza klampu moja mguuni hauendi popote.

Usibabaike sana na aina ya mti. Mbao laini iliyo nene ni bora kuliko mbao ngumu iliyo nyembamba, kwa sababu unachokihitaji ni uzito na ukakamavu. Mbao laini itachubuka, lakini meza ikichubuka unairanda upya. Cha kuangalia ni ukavu wa mbao, na namna uso ulivyofungwa kwenye miguu. Uso wa mbao halisi wenye upana wa milimita 600 hutanuka na kusinyaa milimita kadhaa kadiri hewa inavyobadilika unyevu. Uliokazwa kwa skrubu pande zote bila nafasi ya kusogea utapasuka siku moja. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha nafasi hiyo, mwache na meza yake.

Kasoro yake ni kwamba inakula nafasi, ni ghali, na ukihama nyumba utahitaji watu wanne. Kama nafasi unayo na nia unayo, usitafute zaidi.

Nafasi ya pili: uso wa matabaka juu ya miguu minene

Kwa watu wengi wanaoanza, hii ndiyo ningewaambia wachukue leo. Unanunua shiti moja ya MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, ya milimita 18, yenye ukubwa wa kawaida wa milimita 1220 kwa 2440, na dukani wanakupasulia katikati kwa urefu. Unapata vipande viwili vyenye upana wa milimita 600 na ushee, ambao ni upana hasa wa meza ya kazi. Vibandike kimoja juu ya kingine kwa gundi, tayari una uso wa milimita 36, na shiti hiyo peke yake ina uzito wa kilo 40 hivi. Miguu iwe ya mbao za ujenzi zilizounganishwa mbili mbili, na mbao pana za kukaza chini kwa urefu. Rafu ya chini ijaze vitu vizito, uzito wake ni mali yako.

Skrubu za kubana matabaka ziingize kutoka chini, zisitokeze juu, ili siku ukitoboa au ukiranda meza kisu kisigonge chuma. Kingo zizungushie ubao mgumu, maana MDF hubanduka pembeni. Na usiiache ikae na maji: ikinywa huvimba, na ikivimba hairudi. Plaiwudi inavumilia unyevu zaidi, ingawa ni nyepesi na uso wake haunyooki kama wa MDF. Sehemu ya mbele utakapotoboa matundu ya vigingi vya kuzuia ubao usiteleze, ongeza tabaka la tatu kwa chini.

Nafasi ya tatu: meza ya kukunja

Ron Hickman, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa akibuni magari Uingereza, aliharibu kiti kizuri mwaka 1961 kwa kukitumia kama meza ya kukatia mbao. Kutokana na hilo akabuni meza ya kukunja ambayo uso wake wote ni jiliwa, yaani kibanio: mbao mbili zinazosogeleana kwa mikono miwili ya kuzungusha. Baada ya kukataliwa na kampuni kadhaa, ilianza kuuzwa na Black & Decker miaka ya mwanzo ya 1970 kwa jina la Workmate, na tangu hapo imeigwa kila mahali.

Kwa anayeishi kwenye nyumba ya vyumba viwili, au anayefanyia kazi uani na kuingiza vitu ndani jioni, hii ni chaguo la heshima. Inabana bomba, mlango, hata kitu kisicho na umbo la kueleweka. Kwa kukata, kutoboa na kupiga msasa haina neno. Kwa randa ni nyepesi mno. Itakubidi uweke mguu mmoja kwenye kikanyagio chake, nayo bado italalamika. Nunua yenye miguu ya chuma isiyonesa, na uangalie kama mbao zake zinafunga sambamba zikiwa na kitu upande mmoja tu.

Nafasi ya nne: meza ya chuma ya makanika

Ni imara, ni nzito, lakini imeundwa kwa kazi nyingine. Uso wake wa bati unakwangua mbao na kuua makali ya patasi, na huwezi kutoboa tundu popote unapotaka. Ukiipata kwa bei nzuri, funika uso kwa MDF ya milimita 18 au zaidi, ufunge jiliwa la seremala, itakusogeza.

Ya mwisho: meza nyepesi ya mbao yenye droo nyingi

Hii ndiyo inayopendeza macho. Imepakwa vanishi, ina droo nne, ina jiliwa dogo la mbao ubavuni, na mtu mmoja anaibeba begani. Hicho cha mwisho ndicho kinachonifanya niiweke chini ya zote. Droo zimechukua mahali pa mbao za kukaza miguu, uso una unene wa kidole, na skrubu ya jiliwa inachezacheza tangu siku ya kwanza. Inamkatisha mtu tamaa, naye anadhani tatizo ni mikono yake. Hela hiyo hiyo inunulie MDF, mbao za miguu na jiliwa la maana.

Farasi, yale majukwaa mawili ya miguu minne ya kulazia mbao, sikuyapanga, kwa kuwa hayashindani na meza. Kila karakana inayahitaji kwa kupasulia shiti nzima.

Jiliwa na urefu wa meza

Nunua jiliwa la chuma la seremala lenye taya za inchi 7 hadi 9, na kama mfuko unaruhusu, lile lenye kitufe cha kulivuta kwa haraka bila kuzungusha skrubu yote. Taya ya ndani izamishwe mpaka ilingane na ukingo wa meza. Ikitokeza, ubao mrefu utashikwa na taya tu, na huku mwisho utakuwa unanesa kila randa ikipita. Taya zote mbili zivalishe mbao, chuma kitupu huacha alama. Anayetumia mkono wa kulia alifunge kushoto mwa meza, wa kushoto alifunge kulia.

Urefu wa kwenda juu pima kwa mwili wako, ukiwa umevaa viatu vya kazi. Simama wima, mikono ining'inie: anayeranda kwa mkono uso wa meza umfikie kwenye kifundo cha mkono au chini yake kidogo, ili auegemee ubao kwa uzito wa mwili. Wa mashine na kazi ndogondogo anaweza kupandisha zaidi. Wengi huangukia kati ya milimita 850 na 900.

Ikishafika nyumbani

Meza iweke karibu na dirisha, mwanga uingie kutoka ubavuni uonyeshe mikwaruzo. Mwanga wa utosini pekee huificha. Ukiwa na nafasi iache mbali na ukuta upite pande zote, hasa kama utaunga makabati. Ukiwa huna, isukume ukutani, kwa randa itatulia zaidi. Zana za kila siku zining'inie pale mkono unapofika bila kupiga hatua. Kwa hilo napendelea mbao zilizokatwa nyuzi 45, moja ukutani na nyingine nyuma ya kishikilio, kwa sababu unahamisha chochote bila kutoboa ukuta upya. Ubao wa matundu ni wa pili: kulabu zake huchomoka na zana.

Kinoo kiwe na mahali pake pa kudumu, hata kipembe cha rafu. Zana isiyo na pa kunolewa hainolewi.

Vumbi la mbao shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeliweka tangu 1995 kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, kwa hiyo barakoa ya kiwango cha P2 au N95 iingie kwenye manunuzi ya siku ileile ya meza, na mashine za msasa ziunganishwe na kifyonza vumbi. Na vitambaa ulivyopakia mafuta ya kitani usivirundike kwenye kona: yanapokauka hutoa joto, na rundo hilo linaweza kuwaka lenyewe. Vitandaze nje kimoja kimoja vikauke, au vizamishe kwenye kopo la chuma lenye maji na kifuniko.