Wino mweusi juu ya gari jeusi: uzoefu wangu na saini za madereva wa NASCAR

Siku ya mashabiki ya timu moja ya NASCAR, zile mbio za magari za Marekani, naipa nyota moja, na hiyo moja naitoa shingo upande. Tukifika mwisho huenda zikawa mbili, au nikaifuta hata hii, kwa sababu kila nikimkumbuka yule bwana wa fulana ya kijani damu inachemka upya. Ilikuwa Mei, ama mwaka huu ama uliopita, majuma yale ambayo Charlotte na vitongoji vyake hawazungumzi kitu kingine ila mbio.

Mimi ni mtu wa Nakuru. Vumbi la Safari Rally nimelila tangu utotoni, na nilipohamia North Carolina kwa kazi ya ghala nilikuja na dharau zangu. Nikawaona watu wazima wanakaa juani kutazama magari yakizunguka uwanja ule ule mara 400 mpaka zitimie maili 600, kona zote kushoto, nikasema hawa bado hawajaona gari likipita Sleeping Warrior, kipande cha Safari Rally kule kwetu, baada ya mvua. Kilichonigeuza ni ukaribu. Timu nyingi zina karakana zao hapa hapa, Concord, Mooresville, Huntersville, na kwenye foleni ya supamaketi unaweza kusimama nyuma ya fundi wa magurudumu anayenunua maziwa. Ukiingia karakana nyingine unapewa bure kadi ya dereva, picha kubwa inayong'aa, yeye na gari lake, iliyochapishwa makusudi ili siku moja aitie saini. Yaani mchezo wenyewe unakwambia: tutafute, tutakusainia.

Na desturi hiyo ina mwenyewe. Richard Petty, yule mzee wa kofia ya mchunga ng'ombe na miwani myeusi, ana ushindi 200 na ubingwa mara 7, lakini mashabiki wa zamani wakikutana utawasikia wakisifia saini yake kabla hawajafika kwenye hayo mataji. Saini ya Petty ina mikunjo na vitanzi, imeenea kadi nzima, na kila herufi utaisoma. Anajulikana kwa kukaa akisaini mpaka mtu wa mwisho aondoke. Halafu chukua kadi za vijana wa leo: mstari mmoja, kigongo, na namba ya gari. Bila namba hujui kama ni dereva au ni daktari ameandika dawa ya malaria.

Mama Wanjiru hakuwa na habari na haya yote mpaka Oktoba 2021, dereva Mweusi Bubba Wallace aliposhinda kwenye uwanja wa Talladega. Tangu Wendell Scott, mwaka 1963, hakuna Mweusi mwingine aliyekuwa ameshinda kwenye daraja la juu. Habari za Scott tulizisoma pale NASCAR Hall of Fame, makumbusho ya mchezo huu mjini Charlotte. Alishinda Jacksonville, kombe likakabidhiwa mtu mwingine, na baada ya saa kadhaa, watazamaji wameshakwenda zao, ndipo wakakubali kwamba mizunguko ilihesabiwa vibaya na mshindi ni yeye. Familia yake ilipewa kombe mwaka 2021, mwenyewe yuko kaburini tangu 1990. Mama Wanjiru akasoma mpaka mwisho, akageuka: "Kumbe hata kuhesabu mizunguko ilikuwa siasa!" Tangu siku hiyo Jumapili zetu ni za mbio, na binti yetu akachagua dereva wake, ambaye simtaji, na nikamnunulia kigari cha chuma cha dereva huyo, cha kukusanya, si cha kuchezea. Cheusi tii, kinang'aa kama kiatu cha askari.

Basi timu ya huyo dereva, nayo siitaji, ikatangaza siku ya mashabiki. Kuingia ni bure. Kumwona dereva mkuu kunataka mkanda wa mkononi, dola 45 kila mmoja, unaununua mapema mtandaoni. Tukanunua miwili, wa kwangu na wa Wanjiru. Mama mtu akasema yeye atakuwa kwenye kivuli na soda yake, na sasa naona ndiye aliyefanya akili kutushinda sote.

Foleni ilikuwa imeshapinda mara mbili kuzunguka jengo tulipofika, na jua lilikuwa halijapanda bado. Sitalaumu foleni. Foleni ndiyo ilikuwa sehemu nzuri ya siku. Mbele yetu alikuwa mzee mmoja mwenye faili la kadi, kila moja ndani ya mfuko wake wa plastiki, na alipoona Wanjiru amekumbatia kile kigari akatufungulia darasa. Akatoa kifutio cha kawaida cha penseli, akasugua taratibu kona ya kadi mpya kuonyesha jinsi ya kuondoa ule utelezi ili wino ushike na usichuruzike. Sharpie nyeusi, ile kalamu ya wino usiofutika, akasema, ni ya kadi, kofia nyeupe na karatasi. Kitu cheusi kinataka kalamu ya rangi ya fedha. Itikise, ijaribu kwanza pembeni ili isiteme tone, halafu mpe dereva ikiwa wazi, usimpe ikiwa na kifuniko, maana atatumia aliyonayo mkononi. Kalamu ya fedha ninayo, nikamwambia, nikaitoa mfukoni. Mzee akatikisa kichwa kwa heshima, kama mtu aliyekutana na fundi mwenzake.

Ndipo tukafika kwa bwana wa fulana ya kijani.

Kazi yake, kwa nilivyoona, ilikuwa kusimama hatua chache kabla ya meza na kuhakikisha hakuna mtu anayefika pale akiwa na furaha. Kitu kimoja kwa kila mkanda. Sawa. Hakuna picha za pamoja. Sawa. Hakuna majina, dereva anaandika saini tu. Hapo nikauliza kwa upole, kwa nini? Binti yangu alitaka "Kwa Wanjiru", herufi saba, hamna hata zile herufi za Kizungu za kumtatiza mtu. Akajibu kwamba ni kwa sababu ya wauza saini, wale wanaokuja na makasha ya vitu wakasainishe na kesho yake viko sokoni mtandaoni.

Sasa hebu tulia ufikirie. Kama unaogopa walanguzi, dawa yake si ndiyo hiyo hiyo kuandika jina? Nani atanunua kwa bei ya juu kigari kilichoandikwa "Kwa Wanjiru"? Akina Wanjiru wangapi wako sokoni Marekani? Kigari kisicho na jina ndicho mlanguzi anachokitaka! Nilitaka kumwambia hivyo, na nilianza kumwambia hivyo, lakini alikuwa ameshaona kalamu.

"Hiyo hairuhusiwi."

Nikamwambia gari ni jeusi, bwana.

"Kalamu zote ni za mfadhili."

Na kweli, mezani palikuwa na kikombe kimejaa kalamu nyeusi, zote zimechapwa nembo ya kampuni inayolipia gari, ili kamera zikipiga picha ya mkono wa dereva nembo ionekane. Nimeishi na wafadhili muda wote ninaotazama mbio hizi. Ninajua gari lenyewe ni ubao wa matangazo wenye injini. Lakini kalamu? Nikamwomba atazame kigari. Hakukitazama. Akanyoosha kiganja nimpe ile ya fedha, nikamnyima, akaniambia, mbele ya mtoto, kwamba nikipenda ninaweza kuondoka foleni na fedha hazirudishwi. Sauti ile ile unayomwambia mtu ameegesha gari mahali pabaya. Yule mzee wa faili, ambaye alikuwa ameshapita, akageuka nyuma na kupaza sauti: "Mwache kijana atumie kalamu yake!" Naye akaambiwa asogee.

Tukasogea. Wanjiru akaweka kigari mezani kwa mikono miwili. Dereva akasema hujambo, tena vizuri, akamwangalia mtoto machoni, akachukua kalamu nyeusi, akasaini kwenye boneti jeusi, akarudisha. Shughuli nzima ni pumzi moja. Tukatoka upande wa pili, mtoto akakigeuza kigari huku na huku kwenye mwanga.

"Baba, ameandika wapi?"

Ipo. Ukikiinamisha karibu na taa, pembe fulani, unaona kitu kama njia ya konokono. Mama Wanjiru akakipokea, akakitazama, akanitazama mimi, na kwa kuwa ananijua akasema, "Baba Wanjiru, twende tukale kwanza." Maana alijua ninarudi kwa yule bwana.

Kuhusu dereva nimebadilisha mawazo mara nyingi, na hapa naomba mnivumilie. Mwanzoni nilimtetea. Wiki ya mbio hana usingizi, amekaa pale asubuhi nzima, watu mamia kwa mamia, mkono unauma, sheria si zake. Nikamwambia Wanjiru dereva hana kosa. Lakini kadiri siku zinavyopita ndivyo ninavyokumbuka kwamba aliona. Nina hakika aliona. Alipomaliza kuandika aliinamisha kigari kidogo, akaangalia boneti, akamtupia jicho bwana wa fulana ya kijani, halafu akatabasamu na kunirudishia. Bwana wewe, jina lako ndilo lililoandikwa juu ya mlango wa lile gari! Ukisema "nipe hiyo ya fedha", nani katika jengo lile atakukatalia? Ungeomba tu. Kwa hiyo hapana, hata yeye simwachii. Au namwachia nusu, kwa sababu alimsalimu mtoto vizuri, na wenye heshima hizo si wote.

Nimewaandikia wahusika. Majibu yalikuja baada ya muda, aya mbili za shukrani zinazoweza kutumwa kwa mtu yeyote kuhusu jambo lolote, na chini yake punguzo la bei ya mkanda wa mwaka ujao. Yaani nimelalamika kwamba umeniuzia maji ya moto, unanipa nafuu ya kikombe cha pili. Ile nyota niliyotoa juu niliifuta hapo hapo.

Ningeishia hapa kama si jambo moja, na ni haki nilitaje. Wakati tunatoka, upande wa nyuma karibu na malori, palikuwa na meza ya kukunja na kijana wa timu hiyo hiyo anayeendesha daraja la chini, mbio za magari ya pikapu. Hapakuwa na mkanda wala foleni. Palikuwa na watu wachache na rundo la kadi. Mtu wa kulinda kalamu hakuwepo, labda kwa sababu hapakuwa na kamera. Wanjiru hakumjua, na mimi nilikuwa nimemsikia kwa mbali tu. Akamwita mtoto, akauliza mbona umenuna, akaonyeshwa boneti. Kijana akakipeleka kigari kwenye jua, akakigeuza mpaka akaiona ile njia ya konokono, akacheka mpaka akashika meza. Kisha akaniuliza kama nina kalamu ya fedha.

Kama nina kalamu ya fedha!

Boneti hakuligusa, akasema hilo ni la mwenyewe. Akachukua kadi yake, akauliza jina linaandikwaje, Wanjiru akamtajia herufi moja moja, akaandika "Kwa Wanjiru, kona zote kushoto," na saini ndefu inayosomeka toka mwanzo hadi mwisho, kwa wino wa fedha juu ya picha ya gari lake la buluu iliyokoza. Jina amelikosea, ameweka "e" mahali pa "i". Mtoto hataki kusikia kwamba limekosewa. Mama Wanjiru sasa anatazama mbio za pikapu na anapiga kelele kuliko alivyowahi kupiga kwa Talladega.

Sasa niweke nyota ngapi? Siku ilikuwa moja, jengo moja, timu moja. Sehemu niliyolipia dola 90 imenipa kigari kisicho na kitu, na sehemu ya bure imenipa kadi ambayo mlanguzi yeyote akiniletea fedha nitamfukuza mlangoni. Nilikuwa nimesema moja, nikafuta, sasa naandika mbili. Tatu, kama yule bwana wa fulana ya kijani amehamishiwa sehemu ya kuegesha magari, kazi inayolingana na sauti yake.

Mwenye kwenda Mei ijayo, piga simu kwanza uulize habari ya kalamu, na usikubali jibu la "itategemea". Ukiwa na kitu cheupe, nenda tu, utafurahi. Ukiwa na kitu cheusi, pita moja kwa moja nyuma kwenye malori. Mimi mkanda wao sinunui tena, wapunguze bei wasipunguze. Nitaingia kwa mlango wa bure na kalamu ya fedha nimeificha ndani ya soksi.